Picha ya Kaburi Isiwe na Kivuli

Idara ya Makazi ya Kudumu, ambayo watu wasio na adabu bado waliiita Ofisi ya Makaburi, ilipenda kuwatangazia wananchi wote, walio hai na waliokwisha kutangulia, kwamba uhakiki ungeanza tarehe mosi. Tangazo lilibandikwa kwenye lango la makaburini, usawa wa macho. Nakala ya pili ilibandikwa chini kabisa, karibu na nyasi, kwa ajili ya wenyeji wa safu ya chini, maana Mkurugenzi hakutaka mtu aje kulalamika baadaye kwamba hakuarifiwa.

Ieleweke kwamba mji ule umekaa juu ya maji. Ukichimba futi mbili unapata dimbwi, ukichimba tatu unapata chura. Kwa hiyo tangu zamani wafu wake hawazikwi chini, huzikwa juu. Wenye uwezo wamelala kwenye masanduku ya matofali uwanjani, kila mmoja na lake. Wengine wote wamo ndani ya ukuta mrefu wenye vijumba vya safu nne, kama kabati la dawa. Jeneza husukumwa ndani, mlango huzibwa kwa plasta, jina huandikwa, watu hurudi nyumbani. Safu ya chini huingia maji kila mvua ikinyesha. Safu ya nne huhitaji ngazi. Safu ya pili, upande wa lango, chini ya upenu wa bati, ndiyo iliyotamaniwa na kila mtu, hata na wale ambao hawakuwa na haraka yoyote.

Ukuta ule ulikuwa umejaa. Mkurugenzi alipogundua kwamba viongozi kadhaa waandamizi, yeye akiwa wa kwanza, hawakuwa na pa kulala milele, suala hilo likapanda cheo likawa suala la maendeleo.

Akaandika Waraka Namba Moja yeye mwenyewe, kwa siku mbili, bila kumsumbua mtu kwa kumwomba ushauri. Kila kaburi lingepigwa picha. Picha ingefuata masharti ya picha ya pasipoti, kwani Idara haikuona ni kwa nini msafiri wa mbali kuliko wote awe ndiye pekee asiye na picha inayokubalika. Kaburi litazame kamera. Lisivae kofia. Nyuma yake kuwe na pazia la bluu. Pasiwe na kivuli. Kaburi ambalo jina lake linasomeka lina mtu ndani, na mtu huyo ni mwenye jina. Kaburi ambalo jina lake halisomeki ni tupu, litagawiwa upya, na vitu vitakavyokutwa ndani ya makaburi matupu vitapelekwa kwenye shimo la pamoja nyuma ya stoo. Tarehe yoyote itakayoachwa wazi itajazwa na karani kwa kutumia tarehe ya picha. Rejista ikishafungwa haikosei, wala hairekebishwi ila kwa saini na muhuri wa Mkurugenzi.

Shimo la pamoja tayari lilikuwa na maji hadi magotini, na vyura wake.

Kazi ya kupiga picha alipewa Kamera. Hakupewa kwa upendeleo. Alipewa kwa sababu katika mji mzima ni yeye tu aliyekuwa na pazia la bluu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika kiasi kwamba hata mkewe alipomkasirikia alimwita Kamera. Alikuwa na miaka sitini na miwili na studio ya chumba kimoja nyuma ya soko. Ndani mlikuwa na stuli, lile pazia, na kioo kikubwa chenye kona iliyomeguka.

Kioo kilikuwa cha mama yake. Zamani, kabla umeme haujafika mtaa ule, mama alisimama mlangoni na kioo mikononi, akalikamata jua la nje akalitupa ndani, usoni mwa mteja, mwanawe akabonyeza. "Jua ni la bure, mwanangu," alikuwa akisema. "Kazi ni kulielekeza tu." Wateja wakamwita Mama Kioo. Alipofariki, Kamera alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na uwezo wa kununua bamba la marumaru. Plasta ikiwa bado mbichi alichukua msumari, akaandika kwa mkono wake: MAMA KIOO. PUMZIKA MAMA. Kaburi lilikuwa namba arobaini na saba, safu ya pili, upande wa lango, enzi hizo ambapo hakuna aliyejua kwamba pale ni mahali pazuri.

Tangu siku hiyo, kila Wiki ya Usafi, Idara ilipaka ukuta mzima chokaa. Mara arobaini na tatu, bila kukosa mwaka. Kwa bidii hiyo herufi za msumari zilijaa taratibu hadi plasta ikaonekana laini kama yai. Kamera hakuwa na wasiwasi, kwa sababu yeye hakuzisoma kwa macho. Kila alipokwenda alipitisha kidole, akazikuta.

Kazi ilianza Jumatatu, na kwa kweli ilianza vizuri. Vibarua wawili walishika pazia nyuma ya kila sanduku la uwanjani, Kamera akapiga. Kaburi la tajiri mmoja wa zamani lilikuwa na jagi la mawe juu yake. Kamati ya Uhakiki ilikaa kikao cha saa mbili na kuamua kwamba jagi ni kofia. Likavuliwa, picha ikapigwa, likavikwa tena. Kaburi jingine lilikuwa limeinama kidogo kushoto kutokana na ulaini wa ardhi, yaani halikuwa linatazama kamera sawasawa. Hilo liliandikiwa barua ya onyo.

Ukuta ndio ulioleta mtihani. Kaburi likiwa ndani ya ukuta, pazia litakaa wapi? Kamera alikwenda kuuliza.

"Waraka unasema nyuma," Mkurugenzi alimjibu bila kuinua macho. "Nyuma ya ukuta si nyuma?"

Kwa hiyo vibarua wakazunguka upande wa pili, wakashika pazia huko, ambako hapakuwa na wa kuliona isipokuwa mbuzi mmoja. Upande wa huku Kamera alipaza sauti, "Mko tayari?" Kutoka nyuma ya ukuta wakajibu, "Tuko tayari, piga!" Akapiga. Picha zikatoka bila bluu hata chembe. Kamati ilizipokea zote, maana ripoti ilionyesha wazi kwamba pazia lilikuwepo.

Siku ya nne wakafika namba arobaini na saba. Karani wa Kamati, bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, alisogeza pua hadi kwenye chokaa.

"Hapasomeki," alisema.

"Mama yangu yumo humo," Kamera alimwambia.

"Una kielelezo?"

"Nilimwingiza kwa mikono yangu hii miwili."

"Mikono haimo kwenye orodha ya viambatisho, mzee wangu." Akaandika: tupu. Aliandika kwa mwandiko mzuri, hilo lazima lisemwe.

Mzee Geti, mlinzi wa makaburi, aliyekuwa na funguo nyingi kuliko milango, alikohoa tu akatazama pembeni. Miaka thelathini alikuwa akimwona Kamera akija kupitisha kidole pale.

Kamera alirudi nyumbani hana raha. Hasira ilimpanda, kisha ikashuka ikawa huzuni, kisha ikapanda tena. Alimkuta dada yake mkubwa anamsubiri barazani. Dada huyo alikuwa muuguzi mstaafu, na hakuwahi kustaafu kuamrisha watu. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Wewe!" alimpokea. "Umepiga picha mji mzima. Hata mbwa wa hakimu ulimpiga picha, akatoka mzuri kuliko hakimu. Leo umshindwe mama yako?"

"Dada, jina halionekani. Chini ya ule upenu mwanga ni hafifu. Herufi zimejaa chokaa."

"Jumatano ijayo wanasafisha makaburi matupu. Nimeliona tangazo. Mama yetu akalale na vyura mimi nikiwa na macho yangu mawili?" "Kioo chake kiko wapi?"

Kamera alimtazama, halafu akajiona mjinga. Miaka yote hiyo alikuwa amekitundika ukutani kama pambo.

Mchana wa siku iliyofuata walikwenda wawili. Dada alisimama mwisho wa ukuta, karibu na lango, pale upenu ulipoishia na jua likaanza. Akakamata jua kwenye kioo na kulilaza ubavuni mwa ukuta, mwanga ukapita juu ya plasta ukiikwaruza kwa upande. Kila bonde dogo likapata kivuli chake. Kwanza M. Kisha mguu wa K. Kisha maneno yote manne, yamepinda kidogo upande wa kulia, kama alivyoyaandika yule kijana wa miaka kumi na tisa. Kamera alishindwa kubonyeza kwa muda. Alikuwa analia, na hakuona aibu, kwa sababu dada yake naye alikuwa analia na kioo kilikuwa kinacheza.

"Shika vizuri," alimwambia.

"Nimeshika. Bonyeza wewe."

Picha ilitoka safi. Kamera aliipeleka Idarani asubuhi, kwenye dirisha la huduma. Dirisha lile Mkurugenzi alilibuni mwenyewe: lilikuwa usawa wa kiuno, ili mwananchi ainame anapozungumza na ofisi. Kamera aliinama. Karani aliichukua picha, akaitazama, akaigeuza, akaigonga muhuri mwekundu.

"Ina kivuli," alisema.

"Ndugu yangu, kivuli ndicho jina lenyewe. Ukikiondoa hakuna cha kusoma."

"Ndiyo maana tumeandika tupu."

Kamera akaomba kumwona mkubwa, akaketi kwenye benchi hadi saa nane. Mkurugenzi alimpokea kwa ukarimu, akaitazama picha kwa makini, akakiri kwamba ni kazi nzuri.

"Lakini nikiruhusu kivuli kwa mama yako," alisema, "kesho kila mtu ataleta kivuli chake. Tutakuwa ofisi ya aina gani? Mambo ya umma hayaendeshwi kwa huruma, bwana Kamera." Kisha, kana kwamba amekumbuka jambo dogo, akauliza, "Hilo namba arobaini na saba, jua kali linafika?"

"Halifiki, mheshimiwa."

"Na mvua?"

"Haifiki."

"Majirani wakoje?"

"Wametulia."

Mkurugenzi aliandika kitu kwenye kijikaratasi, akakikunja, akakitia mfukoni.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, bamba likawa limeshafika. Lilikuwa la marumaru nyeusi, limefungwa kwa skrubu nne juu ya plasta ya Mama Kioo. Kaburi halikufunguliwa, kwa sababu rejista ilisema ni tupu na hakuna mtumishi makini anayefungua kitu kitupu. Kuondoa kilichomo kuliahirishwa hadi Jumatano ya wiki itakayofuata, baada ya uhakiki kukamilika, kama tangazo jipya lilivyoeleza. Kwenye bamba kulikuwa na jina kamili la Mkurugenzi, vyeo vyake vitano, tarehe ya kuzaliwa, kistari, na nafasi wazi. Na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kutii sheria, hasa zake mwenyewe, aliagiza bamba hilo lipigwe picha ya uhakiki Ijumaa, kabla rejista haijafungwa, ili asije akatokea mwehu akalidai kaburi.

Aliyetakiwa kulipiga picha alikuwa Kamera.

"Kataa," dada yake alimwambia. "Vunja hiyo kamera, useme imeanguka."

Kamera alikuwa ameketi barazani na Waraka Namba Moja magotini, anausoma mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelifanya, mwandishi wake akiwemo. Alipofika mwisho alirudi katikati. Akasoma sentensi moja mara tatu.

"Sikatai," alisema. "Nitalipiga kwa kufuata kila sharti."

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi alikuja na suti yake mpya kushuhudia. Vibarua walizunguka nyuma ya ukuta na pazia. Kamera alifuta bamba kwa kitambaa, akapima umbali, akahakikisha halina kofia, linatazama kamera, halina kivuli hata cha unywele. Hakuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kiasi kile, hata kwa maharusi. Kabla ya kubonyeza alijipa wajibu wa kuuliza, maana mama yake alimlea vizuri.

"Mheshimiwa, hapa baada ya kistari pameachwa wazi. Hakuna neno?"

"Acha hivyo hivyo, ndugu. Karani anajua la kufanya."

"Una uhakika, mheshimiwa?"

"Wewe piga picha! Mambo ya maandishi tuachie wasomi."

"Mko tayari?" Kamera aliita.

"Tuko tayari, piga!" ukuta ukajibu.

Mzee Geti alimkazia macho. "Mbona unacheka, bwana Kamera?"

"Sicheki," Kamera alisema. "Waraka hauruhusu."

Jumatatu asubuhi Kamera aliitwa Idarani kupeleka picha kubwa ya Mkurugenzi yenye fremu. Aliyemwita alikuwa Naibu, mama mmoja mtulivu aliyekuwa amekisubiri cheo kile miaka kumi na mmoja bila kulalamika wala kusahau. Kamera aliikuta meza ya mapokezi imetandikwa kitambaa cheusi, na juu yake daftari la rambirambi ambalo kurasa mbili zilikuwa zimeshajaa. Mtu mmoja alikuwa ameandika: "Hatutakusahau kila tutakapoinama."

Kamera alikuwa bado anasimamisha fremu pale mezani Mkurugenzi alipoingia. Aliitazama picha, akalitazama daftari, akatazama kitambaa.

"Nani amefariki?"

Naibu alisimama kwa heshima zote. "Pole sana, marehemu. Karibu kiti."

"Marehemu gani? Wewe mama, umechanganyikiwa?"

"Tumepokea kwa mshtuko mkubwa. Picha yako ilikidhi vigezo vyote, ni ya kwanza tangu uhakiki uanze. Kamati ilipiga makofi, halafu tukasimama kimya dakika moja."

Karani alifungua rejista na kusoma, kalamu zake tatu zikiwa zimefungwa utepe mweusi. Kaburi lenye jina linalosomeka lina mtu ndani, na mtu huyo ni mwenye jina. Tarehe iliyoachwa wazi hujazwa kwa tarehe ya picha. Alikuwa ameijaza. Mkurugenzi alifariki Ijumaa, saa nne na robo asubuhi.

"Lakini naongea!" Mkurugenzi alipiga meza. "Maiti inaongea?"

Karani akapekua Waraka mbele na nyuma. "Kuongea hakumo, mheshimiwa." Akajisahihisha. "Mheshimiwa marehemu."

"Leteni hiyo rejista nirekebishe!" Alichomoa muhuri kutoka mfuko wa koti, maana hakuuacha hata akienda chooni.

"Marekebisho ya leo yatakuwa na tarehe ya leo," Naibu alisema kwa upole. "Na kwa tarehe ya leo wewe hupo. Nikipokea saini ya marehemu, mimi ndiye nitakayekuwa nimevunja sheria. Sheria zako uliziandika vizuri sana, Mungu akulaze pema."

Mkurugenzi alitoka nje. Dereva wake alimwamkia kwa masikitiko makubwa, lakini hakumfungulia mlango wa gari, kwa kuwa gari lilikuwa la ofisi. Akabaki amesimama kwenye jua, suti mpya inamchoma. Ndipo alipomwona Kamera anashuka ngazi, akamkimbilia, na hapo hakukuwa tena na mheshimiwa wala nani.

"Kaka yangu! Ndugu yangu! Ile picha yenye kivuli. Unayo?"

"Iligongwa muhuri mwekundu."

"Piga nyingine. Lile kaburi lina mtu, wewe mwenyewe ulisema. Kama mle ndani yumo mama yako, basi mimi simo. Kaburi moja, mtu mmoja!"

"Itakuwa na kivuli, mzee. Haiwezekani bila kivuli."

"Kivuli kinaruhusiwa!"

"Tangu lini?"

Mkurugenzi alitazama huku na huku, akaizungusha tarehe ya muhuri kurudi nyuma kwa kucha ya kidole gumba. "Tangu Alhamisi," alisema. "Alhamisi nilikuwa hai, hakuna anayebisha. Tatizo langu ni Ijumaa." Akaandika palepale, karatasi ikiwa juu ya goti, kwamba kivuli kinaruhusiwa katika picha ya kaburi pale ambapo bila kivuli jina halisomeki. Akatia saini, akagonga muhuri.

Kamera alipita nyumbani kuchukua kioo, bisibisi na dada yake. Mzee Geti aliwafungulia lango. Alipomwona Mkurugenzi akifungua skrubu za bamba lake mwenyewe, jasho linamtiririka, alitikisa kichwa. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaenda kumletea maji.

Dada alinyoosha mkono kuchukua kioo. Kamera akamzuia.

"Hapana, dada. Leo atashika yeye."

Mkurugenzi akasimama mwisho wa ukuta, palepale penye jua, kioo mikononi. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Mwanga ukaruka juu ya bati, ukashuka kwenye nyasi, ukampiga mbuzi machoni.

"Shusha," Kamera alielekeza. "Geuza kidogo. Usitikisike. Mama yangu alikishika hicho kutwa nzima, na alikuwa nusu ya uzito wako."

Mwanga ukalala. Herufi zikaamka moja baada ya nyingine.

"Soma," dada alimwamuru Mkurugenzi, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa wagonjwa waliokataa kumeza dawa.

"Mama Kioo," Mkurugenzi alisoma. "Pumzika mama." "Kumbe yumo."

"Yumo," Kamera alisema, akabonyeza.

Naibu aliupokea waraka wa Alhamisi bila kusita, akisema ni wosia mzuri, na kwamba saini na muhuri wa mtu aliyekuwa bado hai vinatosha kurekebisha rejista. Aliipokea na picha. Karani akakata mstari kwenye namba arobaini na saba, akaandika: Mama Kioo, makazi ya kudumu, lisiguswe. Rejista ikafungwa tena, na rejista haikosei. Dada ya Kamera akaomba aione kwa macho yake. Akaonyeshwa. Akapitisha kidole juu ya wino na kushusha pumzi ndefu.

"Haya," Mkurugenzi alisema, anajifuta shingo. "Tumemaliza. Nipisheni kwenye kiti changu."

"Kiti kipi?" Naibu aliuliza.

"Si nimetoka kaburini? Basi niko hai."

"Umetoka kaburini, ndiyo. Hakuna mahali panaposema umetoka kwenye kufariki. Tarehe yako ya Ijumaa iko palepale. Kwa sasa wewe ni marehemu asiye na makazi." Akanyoosha kiganja juu ya meza. "Na muhuri huo ni mali ya ofisi."

Mkurugenzi akauweka muhuri juu ya kiganja kile, na Naibu akaupangusa kwa leso.

"Hatutakuacha hivi hivi," alimfariji. "Kuna nafasi moja. Namba tatu, safu ya chini."

"Ile inayoingia maji?"

"Ni ya muda tu. Utaleta picha moja, nyuma bluu, bila kofia. Kivuli siku hizi si tatizo."

Kwa hiyo Kamera alimpiga picha. Alimkalisha kwenye stuli mbele ya pazia la bluu, dada akashika kioo mlangoni, na haikuwa kazi mbaya hata kidogo. Siku iliyofuata Kamera alikuwa Idarani kuchukua nakala ya rejista ya mama yake, aitie fremu. Mbele yake kwenye foleni alisimama Mkurugenzi. Alipofika dirishani ilibidi ainame sana, maana alikuwa mrefu, na dirisha alilipima mwenyewe.

Karani aliipokea picha, akaitazama, akaigeuza.

"Haifai," alisema. "Hapa unaonekana uko hai. Fomu hii ni ya marehemu."

"Basi nipe fomu ya walio hai!"

"Hiyo hujazwa na mhusika akiwa hai. Rudi kesho."

Mkurugenzi alibaki palepale, kiuno kimekunjika. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika hadi barabarani. Bibi mmoja mwenye bahasha ya picha mkononi alimgusa bega taratibu.

"Baba, kama umemaliza, inuka. Na sisi tuiname."